Kabibi Wawili

Kitu cha kwanza alichokiona Koplo Kadii aliposhuka garini ni mgongo wa msichana mmoja. Hapo ukingoni mwa Nyari, korongo la Marafa, kila mtu alikuwa akichungulia chini, kwenye zile nguzo za udongo mwekundu. Wengine walikuwa wamejikinga jua kwa viganja, wengine wakiita jina moja mpaka sauti zikawakauka. Msichana huyo peke yake alikuwa ameligeuzia korongo mgongo. Alikuwa akitazama barabara ya Magarini, na barabarani hapakuwa na kitu ila vumbi la gari lililomleta Kadii kutoka Malindi.

Kadii alitazama saa yake. Alifungua daftari lake akaandika saa: kumi kasoro dakika tano. Jua lingezama saa kumi na mbili na robo, na likishazama hakuna mtu ambaye angekubali kushuka Nyari kwa kamba.

Inspekta Cherop, mama mrefu aliyehamishiwa pwani mwaka huo kutoka bara, alikuwa amesimama kando ya kamba mbili zilizofungwa kwenye gari lake. Watu wanne walikuwa chini tayari, na mmoja wao alikuwa Kambi, baba mdogo wa mtoto aliyepotea. Cherop alimweleza Kadii habari yote kwa haraka. Jamaa hawa walikuwa wametoka Sabaki asubuhi, ndugu wawili na watoto wao na mama yao mzee, magari mawili, kuwatembeza watoto katika likizo ya Agosti. Walifika, wakatembea, wakala. Saa saba walipotaka kupanda magari kurudi, mtoto wa miaka sita aitwaye Kabibi hakuonekana.

"Au wa miaka tisa," Cherop akasema. "Maana nimepewa miaka yote miwili. Nimeuliza watoto walikuja wangapi, nikaambiwa kumi na mmoja, nikaambiwa kumi na watatu, na bibi yao akanisusia kabisa, akanipa kisogo. Hawa watu wanaficha kitu, koplo."

"Hawafichi, afande. Hawahesabu."

"Hawahesabu nini?"

"Watoto. Kwetu mtoto hanyooshewi kidole akahesabiwa kama kuku. Ni kumtafutia balaa."

Cherop akamtazama. "Hata kwetu wazee walikuwa hivyo. Lakini siku hizi kuna sensa." Akamkabidhi daftari lake mwenyewe. "Haya, soma. Ukielewa, nieleze na mimi."

Kadii alisoma akiwa amesimama juani. Kabibi alionekana kwenye gari la baba yake wakitoka Sabaki. Kabibi alikuwa gari la nyuma, akiimba. Kabibi alikula ukingoni pamoja na wenzake, akaomba nyongeza. Kabibi alikatikiwa na kanda ya kiatu, akalia. Kabibi alikatazwa na Kahonzi, mtembeza wageni, asiusogelee ukingo wa mashariki, na hiyo ilikuwa saa saba kasoro robo. Kwa ajili ya maneno hayo ya mwisho kamba zote mbili zilikuwa zimeteremshwa upande wa mashariki. Mtoto mmoja, asubuhi moja, na alikuwa kila mahali.

Akarudisha daftari, akamwendea yule bibi.

Mama mzee alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya masufuria ya pilau, miguu ameinyoosha. Kadii akachuchumaa, akamwamkia shikamoo, akamwita hawe kama alivyomwita nyanya yake mwenyewe. Bibi aliitikia, akamuuliza yeye ni wa nani, akaambiwa ni wa Kavumbi wa Marereni, akaridhika.

"Hawe, somo zako waliokuja leo ni nani na nani?"

"Wawili. Kabibi wa Sanga na Kabibi wa Kambi. Wanangu wote wawili wamewapa jina langu." Bibi alisema hivyo kwa fahari, kisha uso ukamshuka. "Kwani yule mama mrefu hajaambiwa?"

"Hakuuliza, hawe."

"Aliuliza Kabibi yuko wapi. Nikamwambia si yule pale anayekula ukwaju, ni mwenziwe. Akaandika, akaenda zake."

Kadii akageuka. Chini ya gari la nyuma, kivulini, palikuwa na msichana wa miaka tisa hivi, gauni la manjano lenye maua meusi, anafyonza ukwaju huku machozi yamemkaukia mashavuni. Alipoulizwa mwenziwe alivaa nini, alijibu kwamba walivaa sawa. Shangazi yao alikuwa amenunua doti mbili za leso akawashonea sare watoto wote wa kike.

"Kiatu kilichokatika ni cha nani?"

Mtoto akanyanyua mguu. Kanda ilikuwa imefungwa kwa kamba ya mfuko.

"Na yule mtembeza wageni alimkataza nani kule ukingoni?"

"Mimi," akasema kwa sauti ndogo. "Alisema, we Kabibi, ukianguka mimi sishuki kukufuata."

Kahonzi alipoletwa hakubisha. Alikuwa amesikia mtoto akiitwa Kabibi, akaona gauni la manjano, na polisi walipomwonyesha picha kwenye simu akaona gauni lile lile. Uso hakuuangalia. Alivua kofia, akamwomba radhi kila mtu aliyekuwa karibu, hata dereva.

Cherop akamuuliza mtoto na yale mengine, kuimba garini na nyongeza ya chakula, yote yakawa ya huyo huyo; akafuta mistari minne kwenye daftari lake, akaitazama ile karatasi iliyobaki karibu nyeupe.

"Kwa hiyo ni nani aliyemwona huyu wa Sanga hapa Nyari?"

Wakauliza mmoja baada ya mwingine. Mmoja alisema alimwona, akaulizwa yupi, akasita. Mwingine alisema alimsikia akicheka. Wa tatu aliapa kwamba alimshika mkono wakishuka, kisha akakumbuka kwamba mkono ule ulikuwa na bangili, na mwenye bangili ni wa Kambi. Kila walipozidi kujibu ndivyo walivyozidi kutazamana, na baadhi yao wakaanza kulia upya, kwa sababu sasa hawakujua hata waite upande gani.

Kadii akaomba aonyeshwe chakula.

Damaris, mke wa Kambi, ndiye aliyepika. Wakubwa walikula pilau, watoto kila mmoja alifungiwa kifurushi chake cha karatasi: mahamri mawili na kipande cha samaki wa kukaanga, kimekazwa kwa uzi. Kadii alimuuliza alijuaje afunge vingapi. Damaris alimjibu kama mtu anayejibu jambo lililo wazi, kwamba alifunga akiita majina. Alimwita Thoya akafunga, akamwita fulani akafunga, mpaka majina yakaisha. Kadii alimwomba ayaite tena, polepole, naye kwa kila jina akachora mstari kwenye daftari bila kutaja idadi.

"Umemtaja Kabibi mara mbili," akasema mwishoni.

"Si wako wawili?"

"Na zaidi ya watoto, ulimfungia nani mwingine?"

"Dereva, Bwana Mahadhi. Pilau ilikuwa ya kuku aliyechinjwa na mume wangu, nikaona asije akala asichokula. Nikamfungia samaki."

Kikapuni kilikuwa kimebaki kifurushi kimoja, uzi haujafunguliwa. Damaris alikieleza kabla hajaulizwa. Kilikuwa cha dereva. Bwana Mahadhi alikuwa amefunga saumu siku hiyo, hakuja kuchukua.

"Basi watoto wote walikula," Cherop akasema. "Kila kifurushi kimepata mtu. Huyu mtoto alifika hapa, koplo. Alifika akala. Tusipoteze muda." Akainua mkono kuwaashiria watu wa kamba wahamie kaskazini.

Kadii hakubishana naye. Alikwenda kwenye gari la nyuma, ambako Bwana Mahadhi, mtu wa makamo mwenye kofia ya vito, alikuwa ameegemea mlango, midomo imemkauka. Alimwomba samahani kwa kumsumbua na saumu yake. Mahadhi akacheka kidogo. Saumu haikuwa shida, mwanangu, shida ilikuwa hao watoto kumlia mahamri puani mchana ule.

"Na futari yako utapata wapi huku porini?"

"Ninayo." Akafungua kibweta cha gari. Ndani palikuwa na tende kwenye karatasi, na kando yake kifurushi kilichofungwa kwa uzi. "Nilikichukua asubuhi kikapu kikipakiwa. Niliogopa hawa mabwana wadogo hawatanibakizia."

Kadii akakichukua, akaenda nacho mpaka kwa Cherop, akakiweka juu ya boneti. Kisha akaenda kikapuni, akachukua kile kingine, akakiweka pembeni yake.

"Cha dereva ni hiki. Na hiki ni cha nani, afande?"

Cherop akawaashiria watu wa kamba wasihame kwanza.

Waliwauliza watoto nani hakula. Walikula wote, na wawili waligombania mkia wa samaki. Kadii akauliza aliyegawa. Wakaelekeza vidole kwa yaya wa Sanga, Pola. Mama wa mtoto alikuwa muuguzi Nairobi, hakupata ruhusa, ndipo Pola akaja na mtoto. Ndiye yule aliyekuwa akitazama barabara. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, amekunja mikono kifuani kama anayehisi baridi katika jua lile. Cherop alimuuliza kifurushi kimoja alimbakizia nani. Pola alisema hakumbuki, watoto walikuwa wakinyang'anyana.

Sasa Kadii akamwita baba. Sanga Thoya alikuwa amepiga kelele korongoni saa tatu nzima na sauti ilikuwa imebaki pumzi tupu. Alieleza tangu mwanzo wa safari. Walipotoka Sabaki mtoto alikuwa gari lake, kiti cha nyuma. Saa nne walisimama Magarini kununua mananasi, kwenye genge la kando ya barabara. Mtoto akamwambia anataka kupanda na Kabibi mwenzake. Akamruhusu. Alipokuwa akiondoka alitazama kwenye kioo, akaona gauni la manjano likipanda gari la nyuma, akaridhika.

Hapo Sanga akamtazama yule Kabibi mkubwa aliyekuwa kivulini, na gauni lake.

"Nililiona gauni," akasema.

Mahadhi akathibitisha. Pale Magarini alipiga honi, watoto wakapanda, yaya akaja mbio wa mwisho kutoka nyuma ya genge. Akauliza, tumetimia? Wakaitika. Kabibi yupo? Akaitika Kabibi, yupo. Hakuwa na sababu ya kuuliza mara mbili.

Kadii akarudi kwa Pola. Akasimama kando yake, si mbele yake, wote wawili wakawa wanaitazama barabara.

"Pale Magarini ulishuka?"

"Nilishuka."

"Kufanya nini?"

"Kununua maji."

"Ulipata?"

"Yalikuwa yamekwisha."

Ndani ya gari la Mahadhi palikuwa na katoni mbili za maji, moja haijapasuliwa hata nailoni yake. Kadii aliiona, na Pola alimwona akiiona. Kadii akaandika jibu kama alivyopewa, neno kwa neno, akafunga daftari.

Simu haikuwa na mtandao mpaka alipopanda juu ya boneti. Alipiga kituo cha Magarini, akamweleza konstebo aliyepokea mahali genge lilipo, akangoja hapo hapo juu kama mtu anayeanua nguo. Dakika kumi na mbili zikapita. Konstebo akapiga. Alikuwa ameongea na mwenye genge uso kwa uso. Hakuna mtoto aliyepotea pale.

Cherop alikuwa amesikia. "Basi. Magarini hayuko, na hapa hakula. Pengine alifika, hakuwa na njaa, akatangatanga. Kamba zinabaki."

"Naomba gari la Mahadhi, afande. Na baba wa mtoto."

"Umesikia alivyosema konstebo?"

"Nimesikia alivyouliza. Aliuliza kama kuna mtoto aliyepotea."

Cherop hakuelewa, na Kadii mwenyewe hakuwa na zaidi ya hilo la kueleza. Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini. Mkubwa wake alimkumbusha, bila ukali, kwamba mtoto akipatikana chini usiku akiwa amekufa, na baba yake alikuwa ameondolewa ukingoni, kuna mtu atakayeulizwa.

"Liandike jina langu," Kadii akasema.

Sanga ndiye aliyekuwa mgumu. Aliushika mlango wa gari, akauachia, akarudi ukingoni, akaja tena. Alisema mtoto akilia huko chini na yeye hayupo, hatajisamehe. Alisema ndugu yake yuko kwenye kamba, atamwachaje? Mama yake alimtazama kutoka mkekani muda mrefu. Kisha akamwambia kwa Kigiriama aende na huyu mwana wa Kavumbi, na kwamba upande huu ataushika yeye. Mama mzee akainuka kwa shida, akaenda kusimama ukingoni, akaanza kuita.

"Na wewe panda," Kadii akamwambia Pola.

Mahadhi aliendesha kwa kasi ambayo siku nyingine angeikemea, mashimo yakiwarusha, vumbi likiingia madirishani. Sanga alitazama vichaka vya upande wa kulia na Kadii vya upande wa kushoto. Pola alitazama magoti yake.

Genge lilikuwa na paa la makuti na milima miwili ya mananasi. Mwuzaji, Bi Swabra, alikuwa akiwakata wateja vipande, na alipomwona polisi wa pili mchana mmoja aliweka kisu chini akajifunga leso vizuri. Kadii akamwamkia. Akamuuliza alikuwa hapo tangu asubuhi? La, alimpokea mwenziwe saa sita.

"Bi Swabra, kuna mtoto anayengoja mtu hapa?"

"Yuko," Swabra akajibu mara moja. "Kule nyuma, karibu na choo. Anamngoja dadake. Nimemkuta hapo, nikadhani huyo dada yuko kwenye mashine ya kusaga. Nimemwita aje kivulini, hataki. Nimempa nanasi, akala palepale aliposimama. Hata yule polisi alipokuja..." Akasita. "Yeye aliuliza aliyepotea. Huyu hajapotea. Anangoja."

Sanga hakuusikia mwisho. Alikuwa amekwisha kuruka mananasi.

Mtoto alikuwa ameketi juu ya tofali, nyuma ya ukuta wa makuti, miguu pamoja, mikono pamoja, kidevu kimejaa maji ya nanasi yaliyokauka. Jua lilikuwa limemzunguka mchana kutwa na kivuli cha ukuta kilikuwa kimemfikia sasa tu. Baba yake alimwinua akamkandamiza kifuani, na ile sauti iliyokuwa imekwisha ikamtoka tena, si kwa maneno. Mtoto alivumilia. Alikuwa akimtafuta mtu mwingine juu ya bega lake, na alipomwona akamwambia kwa hasira kidogo, "Pola, umekawia."

Kadii akatoka hadi barabarani, akapata mtandao, akampigia Cherop. Aliongea kwa kifupi. Upande wa pili kulisikika kelele, kisha mtu akaangua kilio kikubwa cha furaha, kisha Cherop akisema watu wa kamba wapandishwe, wapandishwe wote sasa hivi.

Aliporudi, Sanga alikuwa amekaa kwenye kreti, mtoto magotini, akimweleza Swabra na wateja na yeyote aliyetaka kusikia. Ni haya majina yetu, alikuwa akisema, akicheka na kujifuta macho. Kabibi huyu, Kabibi yule, gauni moja. Mimi nikadhani yuko kule, wao wakadhani ni huyu. Hakuna wa kulaumiwa. Akanyoosha mkono akamgusa Pola begani. Hata wewe, akamwambia, usijisumbue, pole kwa siku ya leo. Swabra akasema kweli, majina ya kurithi yana kazi. Mahadhi akatazama saa yake na jua, akaenda kuchukua tende zake.

Kadii alikuwa na swali moja kwenye daftari, ameliandika na kulipigia mstari. Hakuliuliza. Alilishika daftari likiwa wazi, kalamu mkononi, akangoja.

Pola alikuwa amesimama mahali Sanga alipomgusa.

"Si majina, Baba Kabibi," akasema.

Sanga akainua uso, bado anatabasamu.

"Nilimleta chooni mimi. Gari likapiga honi, nikamwambia asiondoke hapa mpaka nirudi, nikakimbia niwaambie wangoje. Watoto wakanivuta ndani, mlango ukafungwa, likaondoka. Nikasema moyoni nitasema tukifika mbele kidogo. Mbele kidogo ikapita. Nikaona nikisema mtanirudisha kwetu, na kwetu mimi ndiye ninayewalisha." Alikuwa akizungumza polepole, kwa sauti ambayo wateja walilazimika kusogea waisikie. "Halafu mkaanza kumwita kule korongoni. Hawe alikuwa akimwita. Wewe ulimwita mpaka ukatapika. Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo pamoja nanyi, na mimi peke yangu nilikuwa najua kwamba kule chini hakuna mtu."